Kitanzi kwenye Laini ya Labasa

Kwa watu wa chumba cha hitilafu cha Kampuni ya simu pale Suva, mji mkuu, hakuna laini inayokufa. Zinazokufa ni ruta za wateja, waya za wateja, umeme wa wateja na akili za wateja. Laini ya Kampuni yenyewe huwa nzima siku zote. Inoke Tuilau aliyajua hayo vizuri, maana alikaa katika chumba hicho miaka mingi akiwajibu watu vivyo hivyo, kabla hajaacha kazi na kurudi Labasa, mji mdogo wa kisiwa cha pili, kufungua kampuni yake ndogo ya intaneti. Sasa kibao kilikuwa kimegeuka. Mteja ni yeye.

Biashara yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuiendesha. Kampuni kubwa ya Suva ilikuwa na mitambo milimani na nyaya chini ya bahari. Inoke aliikodi laini moja tu, kutoka Suva hadi kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Labasa, na kutoka hapo akawagawia watu: shule mbili tatu, karakana, daktari wa meno, na juu ya wote maduka ya Gajadhar. Maduka hayo yametapakaa kisiwa kizima, na mwenyewe, Bi Roshni Gajadhar, mjane asiyecheka ovyo, ndiye aliyekishikilia kibanda kile kisianguke. Akiondoka yeye, shule na meno ya watu havitoshi kulipia hata umeme. Mereseini, mke wa Inoke, aliyepokea simu na kuandika ankara, alilijua hilo hata akiwa usingizini.

Jumatatu asubuhi laini ikafa.

Haikukatikakatika kama inavyofanya wakati wa mvua. Ilikufa moja kwa moja, taa ya ruta ikawa nyekundu na ikabaki hivyo. Kwenye maduka ya Gajadhar mashine za kadi ziligoma, foleni ikatoka nje mpaka barabarani, na watu wakaacha vikapu vya unga na mafuta pale chini wakaenda kununua kwa washindani. Inoke alifanya kila ambacho fundi hufanya kabla ya kumpigia mtu. Aliizima ruta akaiwasha. Akabadilisha waya, akafunga ruta ya akiba, akapima umeme. Taa haikubadilika. Ndipo akapiga simu Suva.

"Chumba cha hitilafu, sema shida yako upesi, watu tuna kazi."

"Peceli, ni mimi."

"Lo! Kumbe bado u hai? Mimi nilishaanza kuwachangisha watu mkeka wa kukuzikia."

"Mkeka huo ulalie wewe. Mtu mwenye kichwa kama jimbi bovu, nani atakutafutia kitanda?"

Wakacheka. Peceli alikuwa mtoto wa Eroni, mjomba wa Inoke kwa mama yake, na mtoto wa mjomba ni mtani wako mpaka kufa. Ukimsemesha kwa adabu atadhani umemkasirikia. Tena Inoke ndiye aliyemwingiza Peceli kwenye kazi ile, akamfundisha kushika waya wake wa kwanza, akamfichia makosa yake ya kwanza. Makosa yalikuwa mengi.

"Sikiliza, laini yangu imekufa," Inoke alisema.

"Laini ipi hiyo? Naitazama hapa. Kwetu kijani, kijani kibichi kama jani la muhogo. Nimetuma majaribio, yote yamerudi safi, hakuna hata moja lililopotea. Umeifuta vumbi ruta yako, au mnaikalia kama kigoda?"

"Nimeshaibadilisha."

"Basi badilisha na fundi."

Inoke alicheka tena, ingawa kicheko cha pili kilikuwa kifupi. Akakata simu, akamwambia mkewe, "Tatizo liko kwetu. Peceli ameangalia."

Na hapo ndipo alipokosea. Angekuwa ametoka kuzungumza na fundi mwingine yeyote wa Suva, asingeamini hata salamu yake. Angemhoji, angemlazimisha arudie majaribio, angemtaka mkubwa wake. Lakini binamu yake? Mtu humtukana binamu, huucheka ukoo wake wote, ila hamfikirii uongo. Kwa hiyo mtu mzima yule, fundi wa kuaminika, alianza kukibomoa kibanda chake mwenyewe. Alipanda juu ya paa akafungua kila kiungio. Alichimba waya wa ardhini. Mereseini alimshikia ngazi chini ya jua, simu ikilia mfukoni mwake bila kukoma, naye akiwajibu watu kwa sauti ile ile tamu, "Mafundi wako kazini, mpendwa, tuvumilieni kidogo."

Jumanne alipiga tena. Peceli alisema yale yale, kijani, safi, lakini utani wake siku hiyo ulikuwa wa harakaharaka, na simu aliikata yeye. Jioni yake Bi Roshni alipiga mwenyewe.

"Kaka Inoke, watu wa Kampuni wamenipigia. Wanasema laini yao nzima, kasoro iko kwako. Wanataka kuniuzia wao wenyewe moja kwa moja, bila wewe katikati."

"Nipe muda, Bi Roshni."

"Muda ninao. Subira ndiyo inayoniishia."

Kumbe hivyo. Inoke alikaa juu ya kigoda. Kampuni iliyomkodisha laini ilikuwa inamnyemelea mteja wake wakati laini imekufa, na wakati huo huo ikisema haijafa. Alimwonea huruma Mereseini, aliyekuwa mlangoni akijifanya hakusikia.

Jumatano, baada ya chai, aliacha kuitazama ruta akaanza kuwatazama watu. Akajiuliza, yeye alipokuwa kwenye kiti cha Peceli, laini iliyokufa ilikuwa inawezaje kuonekana kijani? Akapata jibu moja tu, akaona aibu kwamba lilichelewa hivyo.

Fundi wa Suva akitaka kujua kama kipande cha laini ni kizima, huweka kitanzi. Anatoa amri kwenye kompyuta yake, na mtambo wa kule mlimani unaikunja laini, kila anachokituma kinamrudia mwenyewe. Kikirudi safi, anajua kipande kile hakina neno. Kisha anakiondoa kitanzi. Asipokiondoa, mteja wa upande wa pili anabaki gizani, na Suva inabaki ikisikia sauti yake yenyewe na kudhani imejibiwa. Kila fundi wa chumba kile ameshawahi kukisahau kitanzi. Aliye mzima wa akili hukigundua mteja anapolalamika. Aliye mwoga je?

Inoke alimwita mkewe, akaifungua sauti ya simu wote wasikie, akapiga.

"Wewe tena?" Peceli alisema. "Nitakudai kodi ya sikio langu."

"Nipimie laini kwa mara ya mwisho, baba. Halafu nakuacha ulale."

"Subiri." Wakamsikia anabofya. Wakati huo Inoke aliukamata waya unaoingia kwenye ruta, ule mmoja uletao laini ya Suva, akauchomoa. Akaushika juu Mereseini auone.

"Haya, nimetuma," Peceli alisema. "Yote yamerudi. Safi kabisa, kwetu kijani. Sasa unataka nikuimbie?"

"Yamerudi kutoka wapi?"

"Kutoka kwako, mzee! Kutoka Labasa, kwenye hiyo ruta yako mbovu."

"Peceli. Waya ninao mkononi."

Mereseini aliweka kiganja mdomoni. Kwa mbali walisikia mafundi wengine wa chumba kile wakizungumza habari za raga, na karibu zaidi, pumzi za Peceli.

"Umeuchomoa?" aliuliza mwishowe.

"Nimeuchomoa kabla hujatuma. Kitanzi ni chako?"

"Nitakupigia, kaka," Peceli alisema. Hakuwahi kumwita kaka hata siku moja, na neno hilo lilimkata Inoke kuliko tusi. Lilimwambia kwamba Peceli alijua. Pengine Jumatatu hakujua. Jumanne alijua, ila alikuwa ameshaandika kwamba laini ni nzima, na kukiondoa kitanzi kungeliacha jina lake wazi kwenye kumbukumbu za mtambo. Akaona heri kibanda cha binamu yake kife polepole.

Inoke aliurudisha waya mahali pake. Hawakumaliza hata kuichemsha birika, taa ikawa kijani. Simu ya Mereseini ikaanza kulia, watu wakishukuru. Mkewe alimrukia shingoni, akilia na kucheka.

"Tumewakamata!" alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu haya! Waende wakajiuzie wenyewe!"

Bi Roshni naye akapiga. "Imerudi. Lakini Kampuni wananiandikia kwamba wewe ndiye uliyebadilisha kifaa chako ikapona. Njoo Ijumaa ofisini, uniambie uso kwa uso kosa lilikuwa la nani. Likiwa lao, nabaki kwako, na hawa nitawafukuza kama kuku jikoni. Likiwa lako, tusisumbuane."

"Nitakuja, Bi Roshni. Nitakueleza yote," Inoke alisema, na siku ile walikula samaki wa nazi na majimbi kama watu wa sikukuu.

Alhamisi mchana gari la kukodi lilisimama mbele ya kibanda. Alishuka mjomba Eroni, ametoka kijijini Natewa, amevaa sulu nyeusi, shuka ya kiunoni ya kwenda kanisani. Nyuma yake akashuka Peceli, macho yako chini, na fundo la kava, mizizi ya kinywaji cha heshima, mikononi. Inoke aliuona mfuko aliouficha mjomba chini ya kwapa. Alijua kilichomo.

Waliketi kwenye mkeka karibu na mlango, mahali pa watu wanaojishusha. Mjomba Eroni alitoa jino la nyangumi, lile la kuombea msamaha, kubwa, limeiva rangi ya chai, kamba yake imesokotwa vizuri. Alilishika kwa mikono miwili, akasema bila kuinua uso:

"Mwana wa dada yangu. Mtoto wetu amekukosea. Hatukuja kueleza wala kubishana. Tumekuja tumeinama, tuzike kosa lake hapa mbele yako. Tukilizika, lisitajwe tena, na mtu wetu au na mtu wako, hapa wala penginepo. Hili hapa jino. Tupokee."

Mereseini alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni. Alitikisa kichwa kidogo tu, ili mumewe aone. Usilishike. Kesho kuna Bi Roshni. Lishike keshokutwa.

Inoke aliona. Naye pia alitaka kungoja. Lakini mtu aliyeinama mbele yake ndiye aliyelibeba jeneza la mama yake Inoke begani kutoka barabarani mpaka makaburini kwenye tope, akikataa kupokewa. Jino liko hewani, na kila pumzi ambayo Inoke anachelewa inakuwa tusi kwa ukoo wa mama yake mzima. Kulikataa jino lile ni kusema sina wajomba. Alinyoosha mikono akalipokea. Akapiga makofi yale ya taratibu ya kukubali, nao wakapiga. Jikoni sufuria ilianguka, au ilitupwa.

Kava ikachanganywa, bakuli likazunguka. Peceli alikunywa kikombe chake kwa mkupuo mmoja, machozi yakamtoka, na baada ya kikombe cha pili ulimi ukamfunguka, maana kosa likishazikwa utani hurudi mahali pake, ndivyo ilivyo.

"Nilivyotetemeka kwenye ndege!" alisema. "Rubani akadhani injini imeharibika."

"Mtu mnene kama wewe, ilikuwaje ikapaa?" Inoke alijibu, kwa sababu kujibu ni lazima.

Mereseini alisimama mlangoni na taulo mkononi. "Shemeji, tiketi ya ndege ya leo kwa leo uliipata wapi?"

"Ofisini," Peceli alisema, tena kwa furaha. "Bi Torika, mkubwa wetu, mama mwema sana yule. Nilimkimbilia jana nikijua namwaga unga. Akaniambia, 'Mwanangu, haya ni mambo ya nyumbani, kayamalizeni kinyumbani.' Tiketi katoa yeye, gari katoa yeye. Hata jino hili limetoka kabatini kwake. Akasema twende leo, isifike Ijumaa."

Mjomba Eroni alimgeukia mwanawe polepole, na usoni mwake ikaonekana kwamba yeye naye alikuwa anayasikia hayo kwa mara ya kwanza. Mzee alitazama jino lililolala mapajani mwa Inoke. Lakini angesema nini? Ameshasema yake, na yamepokewa. Bakuli likazunguka tena.

Inoke alikuwa na hasira mpaka masikio yakamvuma. Peceli alikuwa mjinga tu, mwoga na mjinga. Aliyemchoma ni huyo Bi Torika asiyemjua hata sura, mwanamke wa kwao aliyelelewa na jino hilo hilo na mkeka huo huo, akajua kwamba wakili wa bei yoyote asingemfunga Inoke mdomo vizuri namna ile.

Ijumaa asubuhi waliligombania jambo hilo wakiwa bado kitandani.

"Mimi sikuligusa jino lao," Mereseini alisema. "Sikupiga makofi. Niache niende mimi kwa Bi Roshni. Nilisikia mwenyewe, nitasema mwenyewe."

"Mzee alisema mtu wetu au mtu wako. Wewe ni mtu wa nani?"

"Siku ya ankara mimi ni mtu wako. Siku ya kula njaa mimi ni mtu wako. Leo nikiwa na mdomo, bado ni mtu wako?"

"Mereseini, nakuomba. Usiniaibishe mbele ya mama yangu."

"Mama yako amekufa, Inoke. Sisi ndio tuko hai."

Mkewe alivaa, akaendesha gari yeye, akaliegesha chini ya ofisi za Gajadhar, akabaki ndani.

Bi Roshni alikuwa ameandaa chai na kuifunga milango. Alimtazama Inoke kwa namna ya mtu anayetaka kusaidia ila hajui kubembeleza.

"Nitakuwa mkweli," alisema. "Hawa watu siwapendi. Wewe unakuja usiku, mvua, Jumapili. Wao watanipa namba ya kusubiri na muziki. Nipe neno moja tu nipate kuwafukuza. Lilikuwa lao?"

Chai ilikuwa ya moto, Inoke aliinywa hivyo hivyo.

"Huwezi kusema, au hutaki?"

"Bi Roshni, mambo mengine..."

"Kwa sababu kijana wao amenipigia asubuhi hii. Peceli nani sijui. Anasema nisimwamini yeye, nikuulize wewe mwenyewe. Anasema Inoke ni mtu wa kweli, hatabisha."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Asubuhi hii. Kikombe cha kava hakijakauka, na mtoto yule amekaa kwenye kiti alichotafutiwa na Inoke, akaambiwa piga simu, akapiga. Maneno yote yalimjia Inoke ulimini: kitanzi, waya mkononi, pumzi za Peceli kwenye simu. Sentensi moja ingetosha. Angeisema, angebaki na kibanda chake, na mjomba Eroni angelisikia kabla ya Jumapili na asingelitamka tena jina la dada yake.

"Lilikuwa kwangu," alisema.

Bi Roshni aliinamisha kichwa. Kisha akaivuta kalamu. "Nilitaka sana uniambie mengine," alisema. "Mwisho wa mwezi tutatengana. Msalimie mkeo."

Inoke alishuka ngazi akishika ukuta. Garini Mereseini alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ingawa injini ilikuwa imezimwa. Alimtazama mara moja usoni, hakuhitaji kuuliza.

"Bado yuko peke yake ofisini?" aliuliza.

"Yuko peke yake."

Mereseini aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Hakuufungua. Alikuwa anangoja ruhusa, au anangoja tu anyamaziwe, maana hata kunyamaza kungetosha. Inoke alilijua hilo. Na katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kutamani, kama alivyotamani pale, mkewe asimsikilize, afungue mlango, apande zile ngazi na kuyasema yote kwa sauti.

"Twende nyumbani," alimwambia.

Naye, kwa kuwa alikuwa mke mwema, akawasha gari.